Marangu Mtoni: tunauza lango, mto tunausahau

Ukifika Njiapanda ya Himo mwezi wa Desemba huna haja ya kuuliza gari la kupanda Marangu. Utasikia tu: "Mtoni! Mtoni! Wawili Mtoni tunaondoka!" Hao wawili huwa ni sita, lakini hayo tuyaache. Ninachotaka kusema ni kwamba kondakta hataji mlima. Hataji Kilimanjaro, hataji lango la hifadhi, hata Marangu yenyewe haitaji. Anataja mto.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa na kukulia Dar es Salaam, aliniuliza tukiwa tumebanana kiti cha nyuma: "Mjomba, Mtoni ni mto gani?" Nikamwambia ni Una. Akauliza unatoka wapi. Nikamwonyesha juu, kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikokuwa imejifunika mawingu, nikamjibu bila hata kufikiri: "Kwenye theluji." Nilikosea, na makala haya ndiyo namna yangu ya kumwomba radhi. Kwa mila yetu Wachaga ningempelekea jani la isale, ila najua angelitia kwenye glasi ya maji akidhani ni pambo la meza.

Tuanze basi na hiyo theluji. Tangu Johannes Rebmann aione tarehe 11 Mei 1848 na kuchekwa na mabwana wa jiografia waliokaa London bila kukanyaga huku, theluji ya Kibo ndiyo imeubeba mlima huu kwenye picha, kwenye chupa za bia na kwenye hotuba. Siku hizi inabeba pia kilio. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kama kilomita za mraba 12. Ilipopimwa 2011 zilikuwa hazifiki 2. Ni msiba, sibishi. Lakini kila Desemba ninawasikia watu wazima kilabuni, wana mbege mkononi, wakisema: "Theluji ikiisha, na mito yetu imekwisha." Wanasayansi waliopanda na vipimo vyao hawasemi hivyo. Sehemu kubwa ya barafu ya kule juu, kwenye ubaridi mkavu na jua kali, inageuka mvuke na kupotelea hewani bila kuwa maji hata tone. Kinachotiririka hadi mitoni ni kidogo mno.

Maji ya Una, ya Moonjo na ya vijito vyote vinavyoipa Marangu sifa ya kuwa mahali pa maji, yanatoka msituni. Upande wetu wa kusini mvua hunyesha zaidi kwenye mita kama 2,200 juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu mnene, na kadiri unavyozidi kupanda inapungua mpaka kule kileleni ambako ni jangwa lenye baridi. Aliyepanda njia ya Marangu anaujua msitu huo bila kusoma popote. Unapita getini kwenye mita 1,879 ukiwa mkavu, na kabla hujafika kibanda cha Mandara kwenye mita 2,720 shati linakamulika, hata kama mvua haikunyesha. Ukungu unatembea kati ya miti. Mikulo, ambayo watu wa mbao huiita kamfa, imevaa majani yaliyoota juu yake mpaka huoni gome. Mbega wanaruka na mikia yao meupe kama wazee wanaopunga migwisho. Kandokando ya njia kuna kiua chekundu na njano chenye umbo la mkonga wa tembo, ambacho duniani kote kinaota mlima huu tu. Juu zaidi msitu unakuwa mfupi, miti inaota ndevu za kijivu, na zile ndevu zina kazi: zinakamata ukungu na kuudondosha chini, tone moja moja, mwaka mzima. Hapo ndipo mto unapozaliwa. Mtoto wa dada yangu angeelewa haraka zaidi kuliko mimi, maana yeye anajua nguo zilizoanikwa usiku Dar zinavyoamka zimelowa.

Kwa hiyo ninapoona bango la kutuhimiza tuiokoe theluji, nashindwa kujizuia kuuliza: na msitu? Mwaka 2001 ulifanyika uchunguzi kutoka angani, ukaonyesha wazi jinsi mikulo ilivyokuwa ikivunwa kwa wizi ndani ya hifadhi ya msitu. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza Whona, pale wapandaji wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo, njia hiyohiyo ya Marangu, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wakasema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Ukawaka kwa siku nyingi kwenye ukanda uleule wa miti yenye ndevu. Dunia nzima ilisikitika kwa ajili ya utalii. Nilisoma magazeti kwa wiki mbili nikitafuta mtu wa kuandika kwamba kilichoungua ni chanzo cha maji, nikamkuta mmoja au wawili, tena kwenye aya ya mwisho.

Historia nayo tumeifanyia hivyohivyo. Muulize yeyote habari za Marangu, atakupa historia ya lango. Kwamba Oktoba 6, 1889, Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo wakianzia kwa Mangi, yaani mtawala, Marealle wa Marangu. Kwamba Yohani Kinyala Lauwo wa hapa ndiye anayekumbukwa kama kiongozi wao wa njia. Kwamba Desemba 1961, Uhuru ulipofika, Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge kileleni. Yote haya ni fahari yetu na sina ugomvi nayo. Ila katika safari ile ya Meyer kuna mtu ninayempenda kuliko wote, na hapa kwetu hatajwi hata na waongoza watalii: Muini Amani, mtu wa Pangani. Wengine walipokuwa wakishuka Marangu kuchukua chakula na kupandisha tena, yeye alibaki na Wazungu wale kambini kule juu, kwenye baridi ambayo mtu wa pwani hajaizoea. Maji ya Marangu yanashuka mpaka Ruvu yetu ya huku, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, yanakuwa mto Pangani na kumwagika baharini mbele ya mji wa kwao. Yaani mtu yule alipanda mpaka juu ya chanzo cha mto aliokuwa akiuona ukiingia baharini tangu utotoni. Sijui kama alilifikiria hilo. Ningekuwa mimi, ningewaringia wenzangu hadi naingia kaburini.

Na lango lenyewe lilikuwa na upande wake mchungu. Marealle alikuwa hodari wa siasa, alijua kukaa na wageni, na kwa sababu hiyo Wajerumani walijenga kituo chao kwake. Mkuu wa kituo hicho, Carl Peters, kati ya 1891 na 1892 aliwanyonga pale Marangu kijana Mabruk na msichana Jagodja, kwa vitendo vilivyokuja kumfukuzisha kazi kwao Ujerumani. Mangi Meli wa Old Moshi, aliyewapiga Wajerumani 1892, alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na mpaka leo wapo wanaoinyooshea Marangu kidole kwa ukaribu wake na Wajerumani. Watalii hawasimuliwi haya. Wao wanasimuliwa habari ya Makinuka, binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, akaenda kujitupa kwenye maporomoko ya Kinukamori, akabadili nia, na alipogeuka akakutana na chui. Amechongewa sanamu palepale. Ni hadithi nzuri kwa dakika kumi na tano za kupiga picha, lakini inaniudhi kidogo kwamba ukilipa kiingilio cha kuangalia Una ukiruka mwamba, hakuna anayekuambia maji hayo yaliwalisha watu gani.

Yaliwalisha kwa mfongo. Hapa naomba msomaji asiyetoka kwetu anivumilie, kwa sababu mambo mengine yote ya makala haya ningeweza kuyafupisha, ila hili la mfongo siwezi.

Mfongo ni mfereji. Ukisema mfereji, mtu wa mjini anaona zege. Futa zege kichwani. Mto wa mlimani umekaa bondeni, chini ya mashamba, umezama kwenye korongo ambalo ukidondosha jembe hulifuati. Nyumba na migomba iko juu ya mgongo. Utayapandishaje maji bila pampu? Hupandishi. Unakwenda mbali, juu kabisa, mahali ambapo mto bado uko juu kuliko shamba lako, unaweka banio la mawe, matawi, udongo na vigogo vya migomba, unayachepusha maji kidogo, halafu unachimba mfereji unaoshuka polepole kuliko mto. Mto unakimbilia bondeni. Mfongo unatembea ubavuni mwa kilima bila haraka, mpaka unatokea juu ya mgongo kama mgeni aliyepitia mlango wa nyuma. Wazee hawakuwa na kipima usawa. Kipimo kilikuwa maji yenyewe: ukichimba vibaya yanasimama au yanakula ukingo, unarudia. Mingine imekwenda kilomita nyingi, imepita juu ya miamba, imevuka vijito kwa magogo yaliyochimbwa katikati. Wazungu wa kwanza waliofika karne ya 19 walikuta mtandao wote huo unafanya kazi na wakaandika kwa mshangao, wengine wakishindwa kuamini kwamba hakuna mtu wa nje aliyewafundisha Wachaga.

Lakini kuchimba ni nusu ya kazi. Mfongo ulikuwa na mwenyewe, ukoo ulioanzisha, na mzee wa kuusimamia. Ulikuwa na zamu: leo alfajiri fulani, mchana fulani, usiku maji yanajaa nduwa, lile bwawa dogo la udongo, ili asubuhi yatoke na nguvu. Ulikuwa na sadaka zake pale banioni, mbege na mbuzi, kabla Wamisionari hawajatuambia Ruwa, Mungu wetu, hapatikani mtoni. Ulikuwa na kesi: kuiba maji ya zamu ya jirani lilikuwa kosa la kumfanya mzee mzima apelekwe barazani. Na ulikuwa na siku ya msaragambo, kila mwenye kuchota anatokea na jembe, wanaanzia banioni wanashuka wakisafisha hadi mwisho. Usipotokea unalipa, zamani kwa pombe, sasa kwa hela.

Chini ya mfongo ndipo kilipo kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na bila mfongo kihamba ni pori tu. Juu kabisa mringaringa na mruka vinatupa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na ng'ombe yuko zizini akiletewa majani badala ya kupelekwa malishoni. Masale yamesimama mipakani, na wazee wamelala palepale ardhini, ndiyo maana kihamba hakiuzwi, au tuseme hakikuwa kinauzwa. Kule Shimbwe Juu, upande wa Uru, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliutambua mfumo huu mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wa dunia. Kahawa ilipokuja na mapadri wa Kilema, majirani zetu, mwishoni mwa karne ya 19, haikukuta shamba jipya. Iliingia chini ya migomba kama mtoto anayehamia kwa bibi. Kahawa hiyo ikazaa chama cha wakulima 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, 1933, ikajenga shule, ikatupeleka sote mjini. Kwa hiyo suti ya Mchaga yeyote aliye ofisini Dar, ukiikamua vizuri, itatoka maji ya mfongo.

Hata vita vilipigwa kwa msaada wa mto. Huku Marangu na Mamba kuna mapango yaliyochimbwa na babu zetu kujificha wakati wa mashambulizi, na wenyeji husimulia kwamba udongo ulibebwa usiku na kumwagwa mtoni ili adui asione kichuguu kipya. Nilipoingia humo nilibana pumzi, nikatoka nimevimba magoti. Babu zetu walikuwa wembamba au waliogopa sana, au vyote viwili.

Sasa tumefika leo, na hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu zangu wengi. Lawama za mto kupungua tunazipeleka mbali: mabadiliko ya tabianchi, wazungu na viwanda vyao, serikali. Serikali ina zake, sitaitetea. Tangu ofisi ya Bonde la Pangani ianzishwe 1991, na hasa baada ya sheria ya maji ya 2009, kuchepusha maji kunahitaji kibali, na kibali kina ada. Mwambie mzee aliyerithi mfongo kutoka kwa baba wa babu yake kwamba maji ni mali ya umma na inabidi ajaze fomu. Subiri jibu lake, usirekodi. Sheria ya mazingira ya 2004 nayo inataka mita 60 toka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli. Aliyeiandika alikuwa na mto mmoja kichwani. Huku kwetu, mahali penye vijito kila mgongo, mita 60 huku na mita 60 kule zinamaliza kihamba, jiko na kaburi la babu. Mwaka 2005 msitu wote uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa, pamoja na ile Nusu Maili, ukanda wa msitu uliotengwa 1941 ili wanakijiji wapate kuni na majani, na akina mama wakageuka wahalifu kwa kubeba mzigo uleule waliobeba mama zao. Hilo liliniuma. Lakini pia nimeuona msitu ukirudi pale palipokuwa peupe, kwa hiyo sina jibu la mkato.

Nawaelewa pia wa chini. Maji ya kwetu yakishaondoka mlimani yanasubiriwa na wakulima wa Kahe, wavuvi wa Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Mfongo unaovuja nusu ya maji yake njiani ni deni kwao. Na mfongo unavuja kwa sababu hausafishwi.

Hausafishwi na nani? Na sisi. Sisi tunaopanda kila Desemba na magari yaliyooshwa Himo, tunaojenga ghorofa kwenye kihamba kilichobaki upana wa chandarua, tunaokata mringaringa wa babu ili gari ligeuke vizuri, tunaosakafia ua mzima kisha tunashangaa mvua inaingia ndani. Tunaweka tangi jeusi la lita 5,000 juu ya mnara, tunavuta bomba, na mfongo unaopita mbele ya geti tunaufunika kwa zege uwe njia ya kupita. Wiki mbili tunachinja, tunabatiza, tunazika waliokuwa wakisubiri tuje wazikwe. Ukimuuliza mmoja wetu jina la mfongo wa ukoo wake, atakutajia jina la mgahawa.

Nasema sisi maana nimo. Krismasi iliyopita baba yangu mdogo, ambaye ndiye mzee wa mfongo wetu sasa baada ya wenzake kuondoka, alinichukua mimi na mpwa wangu tukapanda hadi banioni. Saa moja na nusu ya kupanda, yeye mbele na fimbo, sisi nyuma tukihema. Banio lilikuwa limebomoka upande. Maji mengi yalikuwa yanarudi mtoni, na kilichoingia mfongoni hakikuzidi unene wa mkono. Mpwa wangu alivua viatu akaingia, akaanza kupanga mawe bila kuambiwa, akapiga kelele kwa baridi. Baba mdogo alimtazama akicheka, kisha akaniambia msaragambo umepangwa Jumamosi ya pili ya Januari, kwa sababu ndipo mvua za vuli zinakuwa zimekatika na watu wana nafasi.

"Watu gani, baba?" nikamuuliza. "Januari tutakuwa tumeshaondoka wote."

Hakunijibu. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 2. Jumamosi hiyo nikiwa Dar nilimtumia faini kwa simu, shilingi elfu kumi, nikaongeza elfu ishirini za soda. Jioni akanipigia kunishukuru. Nikamuuliza walitokea wangapi.

"Hela tumepokea saba," akasema. "Majembe mawili."